Barua ya Bi Shahida Isiyo na Jina

Amisha hupigia watu barua kwa kompyuta Malindi mjini, ubavuni mwa kinyozi wangu. Kizungu chake kimenyooka, na ulimi wake ni mkali vilevile. Wateja humwogopa, lakini hawamhami.

Yako maneno asiyokubali yachezewe: "To whom it may concern," yaani "Kwa yeyote anayehusika." Ukiyataka juu ya barua yako, hukuuliza kwanza, "Atakayeisoma unamjua?" Ukimjua, huyapati. Hayo, asema, ni ya barua inayokwenda kupiga hodi kwa mwenyeji usiyemjua. Kumwandikia hivyo mtu unayemjua ni kumpita njiani bila salamu. Kwa hili namuunga mkono, ingawa mara nyingine anazidisha.

Mwaka jana alijiwa na Bi Shahida wa Mambrui, mpishi wa shule ya chekechea kwa miaka kumi na mmoja. Mumewe alikuwa amevunjika nyonga, naye alitaka ruhusa ya miezi miwili amuuguze. Pasipo barua, kazi angepewa mwingine.

"Niandikie yale maneno ya ile barua ya mwanzo," alisema. "Yalinipatia kazi, yana baraka."

"Wakati ule ulikuwa ukitafuta kazi, Bi Shahida, hatukujua barua itaangukia mkononi mwa nani. Sasa mkuu wako unamjua. Tumwandike: Mwalimu Caroline Nyaboke."

"Mkubwa wangu nimtaje jina kavukavu? Uso huo sina, mwanangu. Mimi humwita Mwalimu, basi."

Amisha, ambaye hata mawakili huwakemea, alimwonea haya mama aliye rika la mamake. Akayaandika.

Bi Shahida hakutaka kumsumbua Mwalimu, akaiacha barua kwa karani, akaenda kumuuguza mumewe. Karani akautupia jicho mstari wa kwanza tu, akaichomeka kwenye faili la waomba kazi, maana barua zote za mle huanza hivyo. Miezi miwili ilipokwisha, Bi Shahida alirudi na kukuta jikoni pana mpishi mwingine.

Faili likafunguliwa, barua ikaonekana. Mwalimu Nyaboke aliisoma amesimama, machozi yakamlenga.

"Mimi nilidhani umetutupa. Mbona hukuniandikia mimi mwenyewe?"

"Nilikuheshimu, Mwalimu."

Mpishi mpya alikwisha kutia sahihi mkataba wa mwaka mzima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Haya yote Bi Shahida alimsimulia Amisha pale dukani, kwa upole, bila hata neno moja la lawama. Nilikuwa kwa kinyozi, nasikia. Roho iliniuma.

"Usijitie unyonge, mwanangu," alimwambia. "Mimi ndiye niliyeng'ang'ania."

Amisha alikuwa analia waziwazi, wateja wakimtazama.

"Wewe hukujua, Bi Shahida," alisema. "Mimi nilijua."