Jicho Upande wa Ndani

Jezi mpya zilipotoka, mashabiki walianza na ukosi. Ulikuwa mweupe na mpana, na mtu mmoja wa jukwaa la kusini akasema timu nzima inafanana na wahudumu wa hoteli waliotoroka zamu. Wakahamia kwenye namba za mgongoni, nyembamba kiasi kwamba ukikaa safu ya kumi hutofautishi saba na moja. Kisha mistari: ilishuka vizuri kifuani, lakini ikifika mshono wa ubavuni ilipishana na ile ya mgongoni kwa upana wa kidole. Walilalamika wiki mbili kwa raha zao, kama mashabiki wanavyopenda. Ndipo mmoja akaisogeza jezi karibu na uso, akaona kwamba kipanga hana jicho.

Hapo utani ukaisha.

Nembo ya klabu ni kichwa cha kipanga kinachotazama kushoto. Anayekidarizi ni mwanamke wa miaka hamsini na mmoja ambaye wachezaji wote humwita Mama Nembo. Chumba chake cha kazi kiko chini ya jukwaa kuu. Dari yake ni zile ngazi wanazokalia watu, kwa hiyo siku za mechi hufanya kazi huku maelfu ya nyayo yakimpita juu ya kichwa. Mashine yake ina sindano kumi na mbili na hufanya karibu kila kitu, isipokuwa jicho. Marehemu mumewe, aliyeishika kazi hiyo kabla yake na kumfundisha, alikuwa akisema jicho la mashine ni jicho la samaki aliyelala sokoni tangu asubuhi. Kila nembo ilitoka mashineni na nafasi ndogo tupu, nayo ikajazwa kwa mkono: mishono minne ya uzi wa njano, mmoja mweusi, na nukta nyeupe ya mwanga. Hivyo kwa miaka kumi na tisa.

Meneja wa vifaa alipomletea mchoro mpya, aliugeuza huku na huku kwanza.

"Jicho liko wapi?"

"Limeondolewa. Wabunifu wanataka nembo nyepesi, ionekane vizuri kwenye simu."

"Na yeye ataonaje?"

"Mama Nembo, huo ni uzi."

"Najua ni uzi, baba. Ndiyo maana umekuja kwangu, hukwenda kwa daktari wa macho."

Meneja alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema kila jezi ya timu ya kwanza ataikagua mwenyewe kabla haijafika chumba cha kubadilishia nguo. Akikuta jicho hata kwenye moja, kazi yote itapelekwa kiwandani.

Alizidarizi kama alivyoagizwa. Alipomaliza seti ya kwanza, akazitandaza mezani vifua juu, akageuka kuchukua pasi. Kitu kikamsimamisha. Hakuna aliyesema wala kilichoanguka. Ilimchukua muda kuelewa kwamba kwa miaka kumi na tisa, kila alipoipa kisogo meza ile, alikuwa akitazamwa. Hakuwahi kulijua jambo hilo mpaka lilipokoma. Chumba kilikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama.

"Wifi, mbona umesimama kama mlingoti?" aliuliza dada wa mumewe, ambaye hupiga pasi na kupanga jezi katika chumba hicho hicho.

"Hakuna kitu."

"Basi niletee hicho hakuna kitu nikipige pasi."

Yangeishia hapo kama kipa wa timu asingekuwa mwanawe. Kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu mpaka mama yake humwambia ainame amfute vumbi. Alikuwa amekaa benchi miaka mitano akisubiri nafasi hiyo, na msimu huu ndipo alipoipata. Katika mechi ya kwanza ya jezi mpya alifungwa mabao mawili ambayo hata mama yake, asiyejua mpira sana, aliona ni ya kuokota. Jioni hakugusa chakula.

"Mama, kulikuwa na mtu nyuma yangu."

"Nyuma yako kuna wavu, mwanangu."

"Ndani ya wavu. Kila nikigeuka hayupo. Na si mimi tu. Beki wetu alimpasia mtu ambaye hakuwepo. Tulimwuliza, akasema alimwona kabisa, amevaa jezi yetu."

"Na kocha?"

"Kocha kanipa mechi moja. Nikifungwa kizembe tena, naondoka golini."

Mama Nembo hakulala vizuri, lakini alipoamka alikuwa amekata shauri. Jicho mbele lingeonekana. Meneja hupitisha kiganja juu ya kila nembo, kisha huigeuzia dirishani. Lakini hajawahi kugeuza jezi ndani nje, kwa kuwa upande wa ndani kuna kitambaa cheupe tu cha kuzuia nyuzi zisikwaruze ngozi. Akaichukua jezi ya kijani ya kipa, akaipindua, akashona jicho kwenye kitambaa hicho, mahali pake hasa. Njano nne, nyeusi moja, nukta nyeupe. Aliona amefanya ujanja mzuri. Fundi wa siku nyingi, na bado hakujiuliza jambo ambalo angemwuliza mwanafunzi wake wa kwanza: likikaa upande huo, litakuwa linatazama nini?

Meneja akapitisha kiganja. Ikapita.

Siku hiyo kijana alidaka kila kitu. Alidaka penalti kwa mkono mmoja, akadaka mpira uliomgonga beki wake na kubadili njia. Nyayo zilitikisa dari hadi vumbi likamwangukia shangazi yake kwenye nguo alizokwisha kunyoosha. "Mwambie mwanao adake taratibu!" akapiga kelele, akicheka. Walishinda iliyofuata, na iliyofuata.

Nyumbani ndiko mambo yalikoanza kwenda upande. Kijana hakuwa akiivua jezi. Alikula nayo, akalala nayo, akaifua mwenyewe na kuivaa ikiwa mbichi. Mzaha ulimtoka mdomoni. Aliacha kupepesa macho, au alipepesa mara chache sana, kiasi kwamba mama yake alijikuta akimsubiri apepese kama mtu anayesubiri bomba litoe tone. Jumapili mchana alimkuta sebuleni amesimama katikati ya chumba, mikono imelegea, bila kutazama popote.

"Unaangalia nini?"

"Siangalii. Naangaliwa."

"Na nani?"

Akagusa kifua. "Mpira ukipigwa, hili jicho linautazama mkono wangu mpaka mkono uende. Mimi naufuata tu. Hata sasa, Mama. Nikitaka kukaa, linatazama miguu kwanza. Lisipoitazama, sikai."

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu ulipotoka kwenda kanisani."

Mama alimshika bega, akamvua jezi kama alivyokuwa akimvua utotoni, mikono juu. Kifuani, mahali jicho lilipokaa, ngozi ilikuwa na alama ya mishono: minne, na mmoja, na nukta. Uzi ukibana ngozi muda mrefu huacha alama, na yeye anajua hilo kuliko mtu yeyote. Alama ya uzi hufutika ndani ya saa moja. Hii ilikaa siku tatu.

"Nafumua," alisema, akachukua kijisu chake cha kufumulia.

"Mama, usifanye hivyo. Nitafungwa."

"Ufungwe."

"Miaka mitano nimekaa benchi! Miaka mitano nawabebea wenzangu maji! Unanirudisha kule kwa mikono yako mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu mwenyewe. Hii hii iliyokosea."

Uzi ulitoka kwa shida, kama unaoshikiliwa na mtu upande wa pili. Kijana alikaa chini pale pale sakafuni, ghafla, na kulala hadi kesho yake.

Mechi iliyofuata alifungwa matatu. Kocha hakugomba. Alimpa tu koti la wachezaji wa akiba. Kijana hakuzungumza na mama yake siku tisa. Ya kumi, alipokuwa akinywa chai, alisema bila kuinua uso kwamba hata shangazi mwenye miwani angelidaka bao la pili. Mama alitoka nje kufuta macho.

Lakini siri ya chumba cha kubadilishia nguo haikai. Wachezaji walikuwa wameliona jicho zamani, mwenzao alipokuwa akivaa. Walianza kuja mmoja mmoja chini ya jukwaa, jezi zimepinduliwa, wakizishika kwa adabu kama watu walioleta mgonjwa. Mama Nembo aliwafukuza wote.

"Wifi, una roho ngumu," dada wa mumewe alimwambia. "Ni mishono sita tu. Watoto wa watu wanafungwa kila wiki, wanazomewa mpaka na wake zao."

"Waende wazomewe."

"Wewe wako umemfaidisha kwanza."

Neno hilo lilimchoma. Jumamosi ya mechi alifunga mashine mapema, akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akakaa nyuma ya benchi ili amwone mwanawe. Kiongozi wa mashabiki, anayeitwa Tarumbeta kwa sababu hahitaji tarumbeta, alimtambua.

"Mama Nembo! Nilitaka nije kugombana na wewe kuhusu lile jicho. Sasa basi! Tunaongoza manne. Kipanga awe kipofu milele!"

Pembeni yake watu wakacheka. Hakuna aliyekuwa akitaja tena ukosi, wala mistari, wala namba. Mama Nembo akautazama uwanja. Wachezaji wa klabu yao hawakuitana wala kunyoosha mikono kuomba pasi, na mpira ulifika kila mahali wakati mtu alipokuwa akifika. Kona ilipopigwa, wote kumi na mmoja waliinamisha vichwa kwa pamoja kuelekea vifuani mwao, wakasubiri kidogo, kisha wakaruka. Bao la tano. Jukwaa likalipuka. Wao hawakushangilia. Walirudi katikati wakitembea, kila mmoja akisubiri mguu wake.

Kwenye benchi mwanawe aligeuka, akamtafuta kwa macho. Alifungua zipu ya koti, akakunja ukosi wa jezi yake na kumwonyesha upande wa ndani. Kitambaa cheupe, kitupu. Midomo yake ikasema, "Shangazi aliniuliza. Nikakataa."

Mama Nembo aliteremka kipenga cha mwisho kilipolia, umati ukamchelewesha ngazini, akapitia kijisu chake chumbani. Alimkuta wifi yake karibu na mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, amekaa na kikapu cha nguo chafu miguuni, mikono mapajani kama mtoto aliyevunja sahani.

"Walinibembeleza," alisema kabla hajaulizwa. "Kuanzia Jumatatu. Nilifikiri nawasaidia."

"Wameingia?"

Juu yao nyayo zilikwisha kupungua. Nyuma ya mlango hapakuwa na sauti ya maji, wala ya viatu vikigongwa kutoa matope, wala ya mtu akimtania mwenzake.

"Zamani. Nusu saa sasa." Akatazama kijisu mkononi mwa wifi yake. "Utazifumua zote?"

Mama Nembo aliinama, akatazama ndani ya kikapu. Kilikuwa kitupu.

"Wakizivua," akasema, akagonga mlango.