Damu ya Mtoto Mzima

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Mangobo, Kisangani. Muuguzi Orpha Bolamba anatafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto asiyeumwa kitu. Nadia, mwenye miaka minne, anacheka na kurusha miguu. Mama yake, Mwanahamisi, hacheki.

Mama mkwe amemwonya: damu ya mgonjwa hutolewa kwa dawa, ya mzima hutolewa kwa uchawi. Homa ikirudi tena, atamchukua mjukuu ampeleke kwa mganga kule kijijini Bafwasende, na Mwanahamisi abaki mjini.

“Mama Orpha, mutoto iko muzima. Munamutoboa juu ya nini?”

“Juu iko muzima,” Orpha anamjibu. “Ile damu ya homa tuliiona. Bon, sasa tuone ya raha.”

Karibu kila mwezi Nadia hushikwa na homa kali, vidonda mdomoni na uvimbe shingoni. Hapa mjini kila homa ni palu, yaani malaria, basi mtoto hutundikiwa dripu ya kwinini hata kipimo kikikataa. Baada ya siku chache homa huondoka yenyewe, na kwinini hujichukulia sifa.

Daktari Benoît, anayefanya kazi na Orpha, alishuku jambo jingine. Kuna watoto ambao kinga ya mwili huwasha moto bila kijidudu cha kupigana nacho. Homa ikipanda, damu huchafuka. Ikishuka, damu hutulia kabisa. Ili kuwatambua, lazima mtoto apimwe mara zote mbili.

Hapo ndipo kazi ya Orpha ilipo. Hupanda toleka, baiskeli ya abiria, akawabembeleza akina mama nyumba kwa nyumba. Wengine humfungia mlango.

Damu ya raha ya Nadia inatoka safi. Homa inaporudi, kipimo cha palu kinakataa tena, na Benoît anaagiza dozi moja tu ya vidonge vya kutuliza uvimbe. Kabla ya jioni, mtoto aliyeshindwa kumeza hata mate anaomba lituma, ndizi za kutwanga. Mwanahamisi anamgusa paji la uso, anagusa tena, machozi yanamtoka. Ni ajabu kuona.

“Ugonjwa haujaisha,” Orpha anamtahadharisha, “lakini sasa tunaujua: si palu, ni kinga yake inajiwasha moto.”

Ombi la Orpha ni moja: siku moja mtu alete mtoto mzima mwenyewe, bila kufuatwa nyumbani.

Juma linalofuata toleka inasimama mlangoni pa kliniki ya Orpha. Anashuka mama mkwe wa Mwanahamisi, amemshika mkono mjukuu mwingine anayerukaruka.

“Huyu pia homa inamurudiaka,” anasema. “Leo iko muzima. Mumutoboe.”