Siku Mama Alipokuwa Mkalimani

Jirani yangu hapa Nkuhungu ni fundi seremala anayepasua mbao za paini kutoka Iringa. Upepo wa asubuhi ukivuma kutoka kwake, harufu ya utomvu huingia mpaka jikoni kwangu. Mimi, mtu mzima mwenye ajira ya serikali na kikombe cha chai mkononi, husimama kidogo. Wengine harufu hiyo huwakumbusha kitanda kipya. Mimi hunirudisha katika msitu mmoja wa Ujerumani, nikiwa na miaka kumi, nimeshikwa mkono na mwanamke niliyemwita mama lakini sikujua anapenda kula nini.

Nililelewa na bibi mzaa mama, kule Zuzu, katika nyumba iliyokuwa karibu sana na reli hata treni ikipita vikombe viligongana kabatini. Mama alikuwa karani mjini. Nilipokuwa na miaka sita aliolewa na Mjerumani mmoja mtaalamu wa visima, wakaondoka pamoja. Mwanamume huyo aliitwa Uwe. Bibi, ambaye lugha yake ya kulalia na kuamkia ilikuwa Kigogo na Kiswahili alikuja kujifunza ukubwani, aliposikia jina aliuliza, "Uwe nani?" Akaelezwa kwamba hilo ndilo jina lenyewe, limekwisha. "Haya, na awe," akasema, na kwa siku kadhaa akawa anacheka peke yake huku akitwanga.

Mama aliahidi kunifuata baada ya mavuno. Hakusema ya mwaka gani. Kila Jumapili alipiga simu kwa jirani, nami niliitwa nikimbie. "Umekula?" Ndiyo. "Unasoma?" Ndiyo. "Bibi hajambo?" Hajambo. Halafu tulikaa tukisikilizana pumzi, jirani akinitazama kwa huruma, mpaka salio likaisha. Nilijifunza mapema kwamba mtu anaweza kukosa la kumwambia mtu anayemkosa.

Likizo ya Juni, nilipokuwa na miaka kumi, nilisafiri na mama mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa akienda mkutanoni huko huko Ujerumani. Bibi alinifungia mlenda mkavu katika kitambaa. "Mpe mama yako. Na usiwe mzito wa kusalimia, wasije wakasema nimelea mbuzi."

Sikuwa mzito. Nilipomwona mama uwanja wa ndege, amejifunga skafu ya rangi ya samli, nilipiga goti nikasema, "Shikamoo, mama." Alikuwa amefungua mikono. Mikono ikabaki hewani kidogo, halafu ikashuka. "Marahaba," akasema, akajifuta macho. Nilidhani nimekosea goti.

Wiki ya pili tulikwenda matembezi ya siku tatu, sisi watatu na wazee wa Kijerumani, ndani ya basi lisilo na kelele hata kidogo. Mwongoza watalii alikuwa mwanamke mrefu mwenye mwavuli mwekundu. Mvua hainyeshi, jua si kali, yeye kauinua juu, nasi tunaufuata kama ndama. Wazee walitembea kwa fimbo mbili mbili. Nilimwambia mama kwamba Zuzu mzee mwenye fimbo mbili angepelekwa hospitali. Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike, nami nikatafuta haraka kitu kingine cha kuchekesha. Sikukipata.

Tuliona miji ya zamani yenye nyumba za magogo meusi yaliyopishana katika kuta nyeupe, kama mtu amelichukua tembe la Wagogo lenye paa bapa akalisimamisha wima na kulivalisha paa la kofia. Madirishani maua, njia za mawe yaliyolainika kwa nyayo za watu waliokufa zamani, kengele za kanisa zikilia mpaka kifuani. Mwongozaji alizungumza mno. Mama aliinama na kunitafsiria sikioni, na mdomo wake ulinukia peremende. Mwanamke akisema dakika tano, mama alisema sentensi moja: "Anasema kanisa hili liliungua, likajengwa tena." Nilikuwa napenda ile sentensi moja. Ilikuwa njia pekee ya mama kunisogelea bila sisi wawili kuona aibu.

Siku ya pili tulipanda ngome iliyokaa juu ya mwamba, mto ukipita chini. Uani tulizunguka kisima kilichofunikwa kwa wavu wa chuma. Uwe aliinama akachungulia, akasahau watu. Mwongozaji akaanza kueleza, na safari hii mama hakutafsiri kwa kifupi. Alipiga magoti kabisa, mdomo sikioni kwangu.

"Anasema bwana wa ngome hii alioa mwanamke wa nchi ya mbali," akasema. "Huyo mwanamke alikuwa na binti. Alimwacha kwa bibi yake. Alisema atarudi kumchukua."

"Akarudi?"

Mama akamtazama mwongozaji, kama anayesubiri maneno yaendelee. "Alichelewa. Kwanza hakuwa na njia. Halafu njia ikapatikana, lakini akaogopa. Alisema, mtoto atakuwa amenisahau, nitamwambia nini? Kila siku alikaa pale dirishani." Alinyoosha kidole kwenye kidirisha chembamba ukutani. "Sasa anauliza, ungekuwa wewe yule binti, mama yako akikuita uje kukaa naye ngomeni, ungekuja?"

Niliona fahari mwongozaji kuniuliza mimi, katika wazee wote wale. Nikafikiri kwa makini kama ninavyojibu swali la mwalimu. Nilimkasirikia sana yule mwanamke wa dirishani.

"Mwambie nisingekuja," nikasema. "Mwambie, mtu akikuacha kwa bibi, basi bibi ndiye mama yako. Na huyo bibi nani angemtekea maji?"

Mama alibaki amepiga magoti. Nikamhimiza, "Mwambie basi."

"Nitamwambia," akasema. Lakini mwongozaji alikuwa amekwisha inua mwavuli, watu wanaondoka. Mama alisimama taratibu, akakung'uta sketi yake mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Siku ya tatu ndiyo ya msitu. Miti iliyonyooka, myeusi chini na kijani kule juu, na ile harufu ya utomvu. Kwetu uwandani mtu akija unamwona akiwa mdogo kama sisimizi, akue akue mpaka afike na umemwandalia maji. Mle ndani ungeweza kupotewa na mtu aliye hatua kumi. Mama alinishika mkono kwa nguvu, vidole vikaniuma. Mwongozaji alieleza mambo mengi ya msitu, wazee wakaitikia kwa vichwa, lakini siku ile mama hakunitafsiria neno hata moja. Nikadhani amechoka. Wiki mbili baadaye nikarudi Zuzu, simu za Jumapili zikaendelea: umekula, unasoma, bibi hajambo.

Bibi alifariki mwaka juzi. Mama na Uwe walikuja kwenye mazishi, wote wawili wana mvi. Siku iliyofuata nilimpelekea Uwe chai uani. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, akizungumza na wanaume kwa Kiswahili chake alichokiokota visimani, na katika kutafuta la kuzungumza nilimuuliza kama ile ngome bado ipo, ile ya mwanamke aliyemwacha binti kwa bibi.

"Mwanamke gani?"

Nikamsimulia. Akatikisa kichwa. "Hapana, Dorkasi. Mimi nakumbuka vizuri, ndiyo kazi yangu. Yule mwongozaji alieleza kisima. Kina chake, miaka ya kukichimba, jinsi walivyovuta maji. Kisima tu." Akaweka kikombe chini. "Jioni ile mama yako aliniambia, 'Dorkasi amekataa.' Nikamuuliza, umemwuliza lini? Akasema, 'Pale kisimani.' Shule ya kule kwetu ilikuwa imekwisha kukubali kukupokea. Mwalimu alikuwa amejifunza kusema 'karibu' kwa Kiswahili."

Miaka yote nilikuwa naamini sikuitwa, kwamba nilitembezwa miji na ngome kama mgeni anavyotembezwa, nikarudishwa. Na kwa imani hiyo nilikuwa nimemnyima mengi: barua, picha, na harusi yangu, ambayo alisikia imekwisha kupita. Kumbe aliniita, kwa njia pekee aliyoiweza mtu mwenye hofu, na mtoto wa miaka kumi akampa jibu safi, la kweli, lisilo na huruma hata chembe.

Mama alikuwa upande wa pili, mkekani na wanawake, akichambua mchele kwa uangalifu wa mtu ambaye hana uhakika kama anaruhusiwa. Nilikwenda. Nilikuwa na maneno mengi, na kila nililoligusa lilikuwa limechelewa. Akaniona, akajisogeza upesi, akafuta mkeka kwa kiganja.

"Karibu," akasema, kama mtu anavyomkaribisha mgeni.

Nikakaa.