Bustani Isiyo na Marehemu

Kama umejenga nyumba ya matofali huku Suna na bado imesimama, usijisifu sana. Usifu udongo, na ukimaliza kuusifu udongo msifu Nyanchama. Wenzetu wa Homa Bay wana ziwa, na hawatuachi tulale kwa kulitaja. Sisi tuna tofali. Tofali la Suna ukiligonga kwa kidole linalia kama kengele ya shule, na mengi yake yamepita mikononi mwa mwanamke huyo mfupi, mwenye visigino vigumu kuliko viatu vyako.

Aliletwa na mumewe, Ondieki, kutoka milima ya Kisii, wakiwa na kalibu moja ya mbao na mtoto mmoja mgongoni. Kando ya barabara ya kuteremkia mtoni kulikuwa na kipande cha ardhi ya umma ambacho serikali ilikuwa imekisahau, na wazee wa mtaa wakawaruhusu kuchimba. Ondieki alichimba. Nyanchama alikanyaga udongo kwa miguu, akaujaza kwenye kalibu, akaanika, akafunika kwa nyasi mvua ikitisha. Kisha walipanga tanuri na kuchoma. Ondieki alipofariki, Suna nzima ilijipakia kwenye basi kwenda kumzika kwao. Wengine walikwenda kwa huzuni na wengine kwa ajili ya wali, ila wote walirudi wameshiba.

Nyanchama akaendelea peke yake mpaka siku sururu ilipogonga mwamba. Udongo umekwisha, limebaki shimo. Na shimo lisilo na kazi unajua tabia yake. Huanza na maji, wakaja mbu, wakaja vyura, halafu zikaja pampasi za watoto. Wewe unayesoma, usijifanye hujui zile pampasi zilitupwa na nani.

Ndipo Onyango, mwenye malori ya kubeba mchanga, aliposimama barazani akaomba shimo lile lifukiwe, liwe mahali pa kulaza malori. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nyanchama akanyoosha mkono.

"Shimo nililichimba mimi, nitalifukia mimi. Nataka kuweka bustani."

"Bustani ya nini, Mama Liz?" akauliza Magige, mzee wa mtaa, Mkuria mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

"Ya kukaa."

"Kukaa ukifanya nini?"

"Kukaa tu."

Baraza lilicheka mpaka benchi likavunjika. Maana huku kwetu mtu akikaa tu, jirani humwuliza kama ni mgonjwa. Magige alicheka pia, lakini ni mtu wa haki. "Sawa," akasema. "Bustani ni kitu cha watu. Mvua ndogo zikikatika tutafanya baraza hapo hapo shimoni. Siku hiyo hatutahesabu maua, tutahesabu matako. Tukikuta watu wamekaa, ni bustani. Tukikuta maua peke yake, Onyango analeta malori."

Sasa utauliza mfinyanga matofali aliitoa wapi hamu ya bustani. Aliitoa Paris. Usicheke. Liz, yule mtoto wa mgongoni, amekuwa mtu mzima na anafanya kazi huko Ufaransa, anamtunza bibi mmoja mzee asiyeweza kutembea. Siku yake ya mapumziko hana pa kwenda, kwa sababu mji ule kila kiti kinataka ununue kahawa. Basi huenda kwenye bustani kubwa ya wafalme wa zamani, iitwayo Tuileries, akaketi kwenye kiti cha chuma cha kijani, akampigia mama yake. Nyanchama huegemeza simu kwenye mtungi, wakakaa hivyo, mmoja Suna, mmoja Paris.

"Mama, unajua hapa palikuwa pa nani?" Liz alimwambia siku moja. "Pa watu kama wewe."

Na hadithi aliyomsimulia haikutungwa Suna. Zaidi ya miaka mia nne iliyopita, nje ya ukuta wa Paris, watu walikuwa wakichimba udongo na kuchoma vigae vya paa, na bustani imepewa jina kwa sababu ya matanuri hayo. Malkia Katerina, mzaliwa wa Italia aliyeolewa huko na kufiwa na mume, alipataka mahali hapo. Akajenga kasri, akaweka bustani ya namna ya kwao. Miaka mia baadaye mfalme mwingine alimpa kazi mtunza bustani ambaye baba yake na babu yake walilima hapo hapo, naye akaipanga upya kwa mistari iliyonyooka kama kamba ya mwashi. Ikapendeza mno, na wakubwa wakafikiria kuifunga ibaki ya mfalme. Inasemekana karani mmoja alimsihi waziri awaachie watu, na geti likabaki wazi. Lakini wazi ya wakubwa nayo ina masharti. Askari, watumishi na ombaomba walizuiwa mlangoni, ila kwa siku moja ya sikukuu kila mwaka.

"Watumishi kama wewe?" Nyanchama aliuliza.

"Kama mimi. Wakati huo ningekuwa nje ya geti."

"Na sasa?"

"Niko ndani, Mama. Na nimevua viatu."

"Na ile nyumba ya malkia?"

"Iliteketea kwa moto watu walipokasirika. Bustani ikabaki."

Hilo lilimwingia. Yeye ambaye maisha yake yote aliamini tofali, alisikia kwamba tofali liliungua na ua likabaki. Kuanzia hapo akawa hashikiki. Alilifukia lile shimo kwa vipande vya matofali mabovu na udongo wa kubebwa kwa wilbaro, msimu mzima, mgongo ukilia. Liz akamtumia picha ya bustani ile ikionekana kutoka juu, na mama yake akaiiga kama mwanafunzi anayeiba hesabu ya jirani. Akapiga matuta manne marefu, pembe zake sawasawa, yote yakielekea upande mmoja. Akayazungushia kingo za matofali ya kuchoma, akayapaka chokaa. Juu akapanda maua ya kila rangi, na tuta la kwanza akalipa waridi jekundu alilokatiwa tawi na sista mmoja wa misheni ya Asumbi. Pembeni akasimamisha kibanda cha mabati chenye benchi. Akangoja watu waje kukaa.

Hawakuja. Lakini heshima waliyompa! Vijana wa bodaboda walipunguza muziki wakipita hapo. Kina mama waliwashika watoto mikono. Mlevi mmoja alivua kofia, akainamisha kichwa, akapita kwa kunyata. Nyanchama alifurahi, akamwambia Liz kwamba watu wa Suna wanajua kitu kizuri wakikiona. Alidhani ni aibu tu, wataizoea bustani polepole. Mvua ndogo zikaanza, na benchi bado halijajua uzito wa mtu.

Siku moja mvua ilimwagika ghafla, na barabarani akapita Emmaculate, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Muhuru Bay, beseni kichwani.

"Emma! Ingia kibandani, omena italowa!"

"Iache ilowe, Min Liz," akajibu, maana kwa Kijaluo Mama Liz huitwa hivyo. "Si ilitoka majini?"

"Kwani kibanda changu kina nini?"

"Kibanda hakina neno. Majirani zake ndio nawaogopa."

"Majirani gani?"

Emmaculate hakunyoosha kidole, alielekeza kwa midomo tu, kwenye matuta. "Hao."

"Hayo ni maua!"

"Juu ni maua. Mimi sijauliza habari ya juu."

Nyanchama akageuka, akayatazama matuta yake kwa mara ya kwanza kwa macho ya mpita njia. Marefu kama mtu aliyelala. Kingo za matofali meupe. Maua juu. Manne kwenye mstari, yote yameelekea upande mmoja. Hata yeye, angeyakuta kwa mtu mwingine, angefanya ishara ya msalaba.

"Nyasae, Mungu wangu!" akasema. "Na wanasema nimezika nani?"

"La kwanza ni Ondieki."

"Ondieki mlimzika nyinyi wenyewe! Wewe ulikula wali mara mbili!"

"Nilikula, sikatai. Lakini watu wanasema ulimhamisha, uwe naye karibu. La pili ni fundi mmoja wa mtaani aliyehama bila kuaga. La tatu bado hawajakubaliana."

"Na la nne?"

Emmaculate alihamisha beseni, maji yakimtiririka mashavuni. "La nne wanasema ni lako. Umejitayarishia."

Nyanchama alikwenda moja kwa moja kwa Magige, matope yote miguuni. "Mzee, niletee watu wenye majembe wafukue. Wafukue yote!"

Magige alitikisa kichwa. "Tukifukua tukakosa mtu, watasema uliwahamisha kwanza. Tukikuta hata mfupa wa mbuzi, utalala kituo cha polisi. Achana na jembe, Mama Liz. Pengine malori si mabaya."

Jioni ile Liz alipopiga simu alicheka mpaka watu wa Paris wakamgeukia. Kisha akamwona mama yake hacheki, akaacha. Nyanchama alikuwa ameketi ameshika goti, kama siku waliyorudi kutoka kumzika Ondieki.

"Mama, hata hii yangu haikuwa na maua siku zote," Liz akasema taratibu. "Wakati wa mapinduzi, watu wakiwa na njaa, sehemu yake ilipandwa viazi. Kwenye matuta ya mfalme."

"Viazi?"

"Viazi, Mama. Watu wale."

Usiku ule Nyanchama hakulala kama mtu aliyeshindwa. Maana jambo moja kila mtu wa huku analijua, awe Mjaluo, Mkisii au Mkuria: kaburi hupandwa maua, halipandwi chakula. Hata mwenye njaa ya namna gani, hachumi mboga juu ya mtu.

Asubuhi alianza kung'oa. Alianza na yale maua madogo ya njano yanayoota popote, hayo hayakumuuma. Waridi la Asumbi aliliacha mwisho. Alilishika shina, miiba ikamwingia, akasimama hivyo muda mrefu na watu wakipita mbali barabarani. Halafu akavuta. Kabla ya adhuhuri mbuzi wa Magige walikuwa wamelimaliza. Matuta yote manne akayamwagia mbegu za managu, ile mboga ya majani.

Na kwa sababu ule udongo ulikuwa na mbolea iliyokusudiwa maua, managu yaliota kwa kiburi. Majani mapana, ya kijani kilichokolea mpaka kinakaribia weusi. Wanawake wakaanza kupita hapo polepole kuliko kawaida. Bado kwa mbali, lakini polepole.

Siku ya baraza Magige alikaa kibandani peke yake na Nyanchama. Watu wengine wote walisimama ng'ambo ya barabara, kama watu wanaongoja basi. Onyango alikuja na lori kabisa, akaliacha likinguruma. Nyanchama hakusema hotuba. Alichuma managu, akayapika hapo hapo kwenye mafiga kwa maziwa, akasonga ugali, akaanza kula mbele ya umma.

"Yeye atakula tu," Onyango akapaza sauti. "Si ni watu wake!"

Watu wakaguna. Nyanchama akatafuna, na hakuna aliyevuka barabara. Hapo Emmaculate akatua beseni lake la omena chini. Akavuka barabara, akaingia bustanini akipiga hatua kama anayevuka mto asioujua kina chake. Akachuma jani moja bichi kwenye tuta la nne, lile la Nyanchama mwenyewe, akalitia mdomoni. Ng'ambo wote wakanyoosha shingo.

Akameza. Akafikiri.

"Kama kuna mtu chini," akasema, "alikuwa mtu mtamu."

Wuololo! Ungewaona kina mama. Barabara ilivukwa kama kuna harusi ng'ambo. Wenye leso walifunua leso, wasio na leso walijaza sweta. Wawili walishikana juu ya shina moja na karibu waitane majina ya mama zao. Na managu, kama hujui kwa kuwa unapikiwa, hayaendi chunguni yalivyo. Lazima yachambuliwe, jani moja moja, na kazi hiyo haifanywi umesimama. Wakakaa. Wakakaa kwenye benchi, na benchi likijaa wakakaa juu ya kingo nyeupe za matofali, miguu imenyooshwa, midomo ikifanya kazi kuliko vidole. Wanaume wakawafuata, kwa sababu mwanamume huenda palipo na chakula na uvumi. Mtu akaenda akalizima lile lori.

Magige aliinuka. "Onyango."

"Naam, mzee."

"Wewe umekalia nini?"

Onyango alijitazama chini. Alikuwa kwenye ukingo wa tuta la pili, kwa yule fundi, na fungu la managu mapajani. "Hii ni ya mke wangu," akasema.

"Sikuuliza mboga. Malori utatafuta pengine." Na hivyo ndivyo kesi ilivyoisha.

Nyanchama alibaki amesimama katikati. Matuta yalikuwa vijiti vitupu. Emmaculate akamsogelea.

"Umeshinda, nyar Kisii, binti wa milimani. Mbona macho yana maji?"

"Nilitaka ya maua. Ya kukaa tu, kama Liz. Hawa wamefuata mboga."

"Si wamekaa?"

"Wamekaa."

"Basi maua panda tena. Ila panda kwa duara. Mtu hazikwi kwa duara, hata awe mnene namna gani."

Nyanchama alimkodolea macho. "Na mbona hukuniambia hivyo siku ile ya mvua, kabla sijang'oa waridi langu?"

"Kwani uliniuliza? Wewe uliniita ndani tu."

Nyanchama akafungua mdomo kumtukana, akaufunga. Alichukua kijiti kimoja kitupu cha managu, akakichomeka ardhini katikati ya njia, akafungia kamba, akaivuta mpaka mwisho na kuanza kuzunguka kinyumenyume, kisigino kikichora mstari kwenye vumbi.

"Inueni miguu," akawaambia.

Wakainua miguu, wakaendelea kuchambua.