Shuka Juu ya Amplifaya

Siku niliyoambiwa sitaweza naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana waliosema hivyo bado wako hapa Garissa, na sasa wananiamkia kwa adabu. Nilikuwa nimerudi kutoka Nairobi na stashahada ya ufundi wa sauti, ya kwanza katika ukoo wetu, na nilijisomesha mwenyewe. Shaiye, kiongozi wa bendi ya harusi, akanipa kaseti ya jazi yenye solo moja ya gitaa la umeme.

"Niletee sauti hii hii Alhamisi, nikupe kiti kwenye bendi. Ukishindwa, ngamia wa kwenu Hulugho wanakungoja."

Wenzake wakacheka. "Mtoto wa mchungaji huyu! Gitaa atalikama!"

Sauti yenyewe ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata chembe. Niliitafuta chumbani kwangu. Nikaacha kile kipande cha plastiki cha kupigia, nikatumia kidole gumba. Nikachagua sumaku ya kunasa sauti iliyo karibu na shingo ya gitaa, nikapunguza nguvu ya amplifaya mpaka ikaacha kukoroma, nikaongeza mwangwi kidogo tu. Ikaja! Mwingine angehangaika mwaka mzima.

Hapo tuhuma zikaniingia. Mpiga kinanda wa bendi alikuwa amekuja kunitembelea, nami nikamwona akivichungulia vitufe vyangu. Kwetu, wageni wakija, chombo cha maziwa hufunikwa, jicho la husuda lisiyapate. Basi Alhamisi, mbele ya bendi, nikaifunika amplifaya gubigubi kwa shuka zito, nikaanza kupiga.

Sauti ikatoka butu, kama mtu anayesemea ndani ya mto. Nikamkazia macho mpiga kinanda.

"Umeigusa amplifaya yangu?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeficha redio humo ndani!"

Abti Gedi, ndugu wa mama yangu, alikuwa amenisindikiza. Akasema taratibu kutoka mlangoni, "Waryaa, kijana, maziwa ndiyo hufunikwa. Kengele ya ngamia umewahi kuiona imevikwa shuka?"

Nikalivuta lile shuka, nikapiga tena. Sauti ikatoka safi, ile ile ya kaseti. Shaiye hakuamini. Alichungulia nyuma ya amplifaya akitafuta kaseti, kisha katikati ya solo akaweka kiganja juu ya nyuzi. Sauti ikakatika. Alipokiondoa, nikaendelea.

"Wallahi ni yeye," akasema. "Mpeni kiti."

Mwanangu, mficha uchi hazai. Sikuambii umwamini kila mtu. Mimi mwenyewe siamini haraka, na mpiga kinanda yule hadi leo namtazama kwa jicho la pembeni. Lakini shaka yako isiizibe kazi yako mdomo. Ujuzi ulioutolea jasho hauibiwi kwa kuchunguliwa. Na wakikushuku, usigombane nao. Waache wakague mpaka wachoke.

Mungu akupe mikono yenye baraka, akukinge na husuda, na akuwekee karibu mtu wa kukukosoa bila kukuchukia. Amin.