Nyungu ya Madamu Suni

Harufu ya kwanza ninayoikumbuka kutoka uani kwetu, Kalemie, ni ya ndakala wakikauka juani. Ndakala ni samaki wadogo wa ziwa letu, wembamba kama kidole cha mtoto, na mama yangu aliwaanika kila asubuhi ya kiangazi juu ya mikeka ya matete, akiwageuza polepole kwa ufagio laini. Harufu hiyo iliingia katika nguo, katika madaftari, hata katika mkate. Sisi tuliokaa nayo hatukuwa tukiisikia tena. Tulikumbushwa kwamba ipo pale tu mgeni alipokunja pua. Ndiyo maana mgeni aliyekuja kupanga vyumba vyetu viwili vya nyuma, mwaka nilipokuwa darasa la sita la shule ya msingi, alitushangaza. Alisimama kando ya mikeka, akavuta pumzi, akafumba macho, kisha akatabasamu kama mtu aliyefika kwao.

Alitoka Korea. Alikuwa amekuja kwa mkataba wa miaka mitatu kufundisha hesabu na fizikia katika shule moja ya sekondari ya mji, na kwa kuwa jina lake kamili lilitushinda, tulimwita Madamu Suni. Nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, na ofisini watu wazima waliitana sitwayeni, yaani raia, lakini mtaani kwetu kila mtu alikuwa Papa au Mama wa mtoto fulani. Yeye hakuwa na mtoto, hivyo akabaki Madamu. Watoto wa avenyu yetu waliamini kwamba kila mtu mwenye sura ile anajua karate, na kwa wiki nzima walijipanga mlangoni kwake wakiomba awafundishe teke moja tu. Siku ya nane alitoka na ufagio, akawapanga mistari miwili, akawafundisha kufagia ua bila kutimua vumbi. Hawakurudi kuomba teke.

Maisha yake ya kila siku niliyaona kwa karibu, maana dirisha letu la jiko lilitazama mlango wake. Aliamka kabla ya mama, jambo ambalo hakuna mpangaji aliyewahi kulifanya. Aliacha viatu nje. Alikula wali asubuhi, saa ambayo sisi tulikunywa chai. Akipewa kitu, hata yai moja, alikipokea kwa mikono miwili na kuinama, na ndugu zangu wadogo wakawa wanampa vijiti na mawe ili tu waone akiinama. Jambo lililomuumiza mama lilikuwa kitanda. Mama alikuwa amemwagizia kwa seremala kitanda kipya cha mbao nzito, na baada ya siku mbili akakikuta kimesimamishwa ukutani, mkeka umetandikwa sakafuni. Alimuuliza kwa upole kama kina kunguni. Madamu Suni alieleza, kwa Kifaransa na Kiswahili chake kidogo, kwamba kwao watu wengi hulala chini. Mama aliitikia kwa kichwa, lakini jioni ile alikwenda mwenyewe kukikagua kitanda kwa taa.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kumtaka akae. Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na hesabu za sehemu zilikuwa zimenishinda. Baba, ambaye wiki nyingi alikuwa ziwani kati ya Moba na Kigoma na biashara yake, alikuwa amesema wazi: nikishindwa, nitaanza kwenda na mama sokoni. Hakusema kwa ukali. Ndivyo ilivyokuwa kwa wasichana wengi wa mtaa wetu. Basi kila siku saa kumi na moja jioni niliketi kwenye mkeka wa Madamu Suni na kibao cha kuandikia, naye akanifundisha. Hakunipa jibu hata mara moja. Alikuwa akiuliza, "Umeona nini kwanza?" mpaka nikaota swali hilo.

Alhamisi moja, baada ya shule, nilimwona akichimba shimo nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa ameazima jembe letu. Aliteremsha ndani nyungu, ndicho chungu kikubwa cha udongo, akafunga mdomo wake kwa kitambaa na kamba, akafunika kwa ubao, akaweka jiwe juu, kisha akarudisha udongo pembeni na kuukanyaga vizuri. Kwetu mtu haziki nyungu uani bila sababu. Anayefanya hivyo ameweka dawa, ama ya kujilinda ama ya kumdhuru mwingine. Ningeweza kumuuliza, alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Badala yake nilikwenda bombani kuteka maji, na pale, mbele ya wasichana wawili, nikasema kwamba Madamu amezika dawa. Nilisema kwa sababu lilikuwa jambo la kusisimua na mimi ndiye niliyekuwa nalo.

Kufika Jumamosi mchana, uani kwetu palikuwa pamejaa watu. Mbele alisimama Mama Kashindi, jirani yetu wa kushoto, ambaye mtoto wake wa mwisho alikuwa mgonjwa. Karibu naye alikuwa mzee wa avenyu, tuliyemwita shefu, amevaa koti licha ya joto. Baba alikuwa ziwani. Madamu Suni alikuwa bado shuleni, maana hata Jumamosi walisoma.

"Mama Feza, wewe njo mwenye parseli," Mama Kashindi alimwambia mama yangu. Feza ni mimi, na parseli ni kiwanja chetu. "Muntu anazika nyungu kwako, na mutoto wangu anawaka moto. Unaniambia nini?"

"Sijakuambia kitu bado. Acha tuone kwanza."

"Utaona nini? Dawa haionekanaka. Mimi nataka atoke leo, na vitu vyake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko. Nilijua maneno yale yametoka wapi. Madamu Suni akatokea barabarani na mwavuli wake wa jua, akaona umati, akainama kuwasalimu wote. Mama akamwambia kwa heshima kwamba wanaomba kuifukua ile nyungu. Uso wake uling'aa. Alidhani wamekuja kuonja. Akanyoosha mikono kama anayewazuia wageni wenye njaa.

"Bado, Mama. Haijaiva. Siku kumi tena."

Mwanamume mmoja wa nyuma akasema, "Mumesikia? Anahesabu siku."

Mama hakungoja zaidi. Alipiga magoti, akaondoa udongo kwa mikono, akalitoa jiwe na ubao. Kitambaa kilikuwa kimevimba kama tumbo la chura. Alipofungua kamba, hewa ilitoka kwa sauti, na watu wote wakaruka nyuma. Shefu aliruka wa kwanza, ingawa baadaye alikana. Harufu iliyotoka siwezi kuieleza kwa usahihi. Ilikuwa ya kabichi, ile tunayoiita shu, ya kitunguu saumu na pilipili, na chini yake kulikuwa na kitu ambacho mama alikijua kuliko mtu yeyote pale. Aliingiza vidole, akavuta jani jekundu, na ndani ya jani akatoa ndakala mmoja. Alimtazama vile alivyokuwa akitazama samaki wa mvuvi anayetaka kumuuzia mzigo wa jana.

"Madamu, hawa ulinunua kwangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Wabichi. Na chumvi ulitia ngapi?"

Madamu Suni akaonyesha ngumi yake moja.

"Ngumi moja? Kwa nyungu nzima? Na joto hili?" Mama aligeuka kwa watu. "Haiko dawa hii. Njo shu na ndakala, na inaoza."

"Una hakika gani?" shefu aliuliza kutoka alikokuwa.

"Muchawi anafichaka kazi yake, Papa. Hii inajitangaza mpaka gare ya treni."

Walicheka, hata wale waliokuja kwa hasira. Mama Kashindi peke yake hakucheka. "Na mutoto wangu?" alisema, na sauti yake haikuwa tena ya ugomvi. Mama alifuta mikono kwenye kitenge. "Mutoto wako ana homa, na wewe uko hapa unachungulia shu. Twende dispansere." Walikwenda wote watatu, mtoto mgongoni mwa mama yake, na Madamu Suni nyuma yao akimkinga mtoto na jua kwa mwavuli, bado hajaelewa vizuri alikuwa ameshitakiwa nini. Mtoto alipewa dawa za malaria, na baada ya siku chache alikuwa akicheza.

Jioni ile, kwenye mkeka, nilimweleza yote. Nilitumia Kifaransa changu chote, kisha nikalia. Hakunikemea. Alichukua kibao, akachora mstari katikati, akaniambia niandike upande mmoja nilichoona na upande wa pili nilichosema. Upande wa kwanza niliandika shimo, nyungu, kitambaa, ubao, jiwe. Upande wa pili niliandika dawa. Aliniachia nikitazame kibao kile muda mrefu. Kisha akanieleza kwamba kwao nyungu kama ile huzikwa wakati wa baridi, udongo ukiwa mgumu kama barafu, na chakula hukaa miezi. Alikuwa amedhani kivuli chetu kitatosha.

Jumatatu mkuu wa shule yake, tuliyemwita Prefe, alikuja na pikapu. Habari ilikuwa imemfikia, na alikuwa amemtafutia nyumba juu kilimani, yenye ua wa peke yake. Nilisimama nikihesabu masanduku yake kupitia mlango uliokuwa wazi. Walizungumza Kifaransa cha haraka, sikushika yote. Mwishoni Madamu Suni alimgeukia mama na kusema kwa Kiswahili, taratibu, ili asikosee, "Hapa kuna mtu anaijua chumvi. Nakaa." Prefe akaondoka na pikapu tupu. Wiki ile ile waliitengeneza nyungu upya, mama akipima chumvi, yeye akipaka pilipili, na wanawake wa bombani walikula ile shu kwa bukari, ugali wetu, Mama Kashindi akiwa wa kwanza kusogeza sahani mara ya pili. Mtihani niliupita. Sekondari nilisoma miaka miwili tu, hadi biashara ya baba ilipoanguka; mengine niliyojifunza nimejifunza mwenyewe, katika vitabu vilivyotumika, kwa namna aliyonifundisha yeye. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, akaandika barua tatu.

Ninakaa bado kwenye avenyu ile. Baada ya vita, watu walijenga kuta za matofali, mimi pia nikajenga, na sijutii, tunalala vizuri. Mji una wageni wengi zaidi sasa kuliko wakati ule, na mmoja wao, mwanamke wa makamo anayefundisha wauguzi, amepanga nyumba ya jirani. Geti lake ni la chuma. Ninalisikia gari lake likiingia, na jenereta ikiwashwa saa moja. Zamani tulimchungulia mgeni mpaka tukamkosea, kisha tukala naye. Huyu hatujamkosea lolote, kwa kuwa hatujawahi kumwona akishika jembe, wala kukunja pua, wala kucheka. Nilipomaliza kuandika kuhusu Madamu Suni nilifunga daftari, nikavaa kitenge safi, nikaenda kugonga. Mlinzi alifungua kidirisha cha geti, akaniuliza namtafuta nani. Nilimjibu kwamba jina lake silijui, ila nimekuwa jirani yake miaka sita.