Jina Alilotoa Mzee Ezéchias

Mzee Ezéchias alifukuzwa Minembwe, kule milimani Kongo, kwa kuambiwa kwamba si mtu wa pale, ingawa makaburi ya babu zake yako pale pale. Kwa hiyo alipofika Louisville, Marekani, akawa anapakia maboksi katika ghala la Jeffersontown na kujisomea mtihani wa uraia, akakutana na maneno ya Thomas Jefferson, mwasisi wa taifa hilo, kwamba watu wote wameumbwa sawa, yakamwingia moyoni. Hata usingemuuliza, angekusomea.

Binti yake Kamikazi akajifungua mtoto wa kiume. Kwao babu ndiye hutoa jina, na likishamtoka kinywani halirudi. Siku hiyo mzee alimwalika Odessa, mwanamke Mmarekani mweusi wa pale ghalani, aliyempa koti katika baridi yake ya kwanza. Akamnyanyua mtoto, akataja wazee wa ukoo hadi babu wa tisa, kisha akatamka: Jefferson.

Odessa akainamisha kichwa. Mzee wa watu hakuona, furaha ilimziba macho. Kwao mgeni wa heshima naye hutaja wazee wake, mtoto apate baraka za pande zote.

"Bon, dada yetu," akasema, Kamikazi akitafsiri, "na wewe ututajie babu zako."

Odessa akamtaja baba yake, babu yake, na mama wa huyo babu. Akaishia hapo.

"Endelea tu, dada."

"Nyuma ya hapo hatujui. Waliuzwa kama ng'ombe, huyu huku, yule kule. Huyo uliyempa mtoto jina lake alimiliki mamia ya watu kama hao."

Kamikazi alitamani asitafsiri. Akatafsiri.

"Donc ule mwenye aliandika sisi wote ni sawa?"

"Huyo huyo. Aliandika pia kwamba utumwa ni uovu. Akawaachia huru wachache, waliobaki wakauzwa alipokufa."

Mzee akakaa chini. Ng'ombe aliowaacha milimani aliwajua wote kwa majina, na mama zao, na mama za mama zao. Huzuni ikamshika, na aibu juu yake, kama vile yeye ndiye aliyewauza watu hao.

Mtoto akaanza kulia. Mzee akafungua kinywa ambembeleze kwa jina lake, jina likagoma kutoka. Akajaribu tena. Kamikazi naye alikuwa akitazama sakafu.

Odessa akamchukua mtoto, akamweka begani.

"Jefferson," akamwita polepole. "Nyamaza, baba."